Tupande Lini? Historia ya Swali Moja la Wakulima wa Bweyeye

Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni, mhadhiri wetu wa Kiswahili alitupa zoezi la kutafsiri majina ya majira. Kinyarwanda kina majira manne: urugaryi, itumba, impeshyi na umuhindo. Niliandika bila kufikiri sana kwamba itumba ni masika, umuhindo ni vuli na impeshyi ni kiangazi. Karatasi yangu ilirudi ikiwa na alama ya kuuliza kando ya neno kiangazi. Mhadhiri alitueleza kwamba watu wa pwani huiita miezi ya Juni hadi Agosti kipupwe, kwa sababu ya ubaridi wake, na kwamba kiangazi chao huanza Desemba. Kwetu Rwanda miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo ya jua na vumbi. Neno ni moja lakini mwaka si mmoja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza namna ya kueleza kwa Kiswahili kipindi ninachokijua kuliko vyote, yaani zile wiki sita hivi kutoka katikati ya Agosti hadi mwisho wa Septemba, impeshyi inapokwisha na umuhindo unapoanza. Katika vitabu vya Ulaya tunavyosoma, majira ya joto hufuatwa na majira ya kupukutika kwa majani. Nyumbani kwetu Bweyeye hakuna msimu wa kupukutika, kwa kuwa msitu wa Nyungwe ni wa kijani mwaka mzima. Dalili ya kwanza ya mabadiliko ni swali ambalo kila mtu huanza kumwuliza mwenzake kisimani, sokoni na mlangoni mwa kanisa: tupande lini?

Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba swali hilo lina historia. Kwa muda mrefu, aliyekuwa na haki ya kulijibu ndiye aliyekuwa mtawala, na kila utawala uliopita kwetu ulijaribu kulijibu kwa njia yake. Nitaanza na maisha yalivyo sasa, kisha nitarudi nyuma karne moja, na mwisho nitaeleza yaliyotokea nyumbani kwetu mwaka jana, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niandike.

Bweyeye ni umurenge, yaani kata, katika Wilaya ya Rusizi. Kabla ya mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 tulikuwa katika mkoa wa Cyangugu, na wazee bado hutumia jina hilo. Wazee wa wazee hao walisema Kinyaga. Msitu wa Nyungwe umetuzunguka, na kusini kuna mpaka wa Burundi, ambako msitu huohuo unaendelea kwa jina la Kibira. Atokaye Huye kwa gari huingia msituni, hufika Pindura, huiacha barabara kuu ya kwenda Kamembe, kisha huteremka kama kilomita 30 kati ya miti kabla ya kuona nyumba zetu. Barabara hiyo sasa ina lami. Nilipokuwa mtoto ilikuwa ya udongo, na mvua ya umuhindo ilipoanza, Bweyeye iligeuka kisiwa.

Impeshyi kwetu ni majira ya kazi ambazo mvua haiziruhusu. Maharage ya msimu wa itumba huanikwa uani, hupurwa kwa fimbo na kupepetwa. Wanaume hufyatua matofali na kuezeka upya mapaa yaliyovuja. Wanawake hukandika kuta kwa udongo. Vijana wengine huteremka hadi bonde la Bugarama kutafuta vibarua katika mashamba ya mpunga. Harusi nyingi hufungwa Julai na Agosti, kwa kuwa barabara zinapitika, urwagwa, yaani pombe ya ndizi, inapatikana, na hakuna anayehesabu siku za palizi. Watoto huchota maji mbali zaidi kwa sababu chemchemi za karibu hupungua.

Kisha, bila tangazo, mambo hugeuka. Mti wa umuko, ambao huchanua maua mekundu wakati wa jua, huanza kuyaangusha. Alasiri mawingu hujikusanya juu ya msitu na ngurumo husikika, lakini tone halidondoki. Harusi hukoma. Majembe hupelekwa kwa mhunzi. Bibi yangu huuleta uani mtungi wake wa mbegu, huumwaga juu ya mkeka na kuanza kuchambua. Maharage yake si ya aina moja. Kuna mekundu, meusi, ya njano na yenye madoa, yote yamechanganywa pamoja na majivu ili wadudu wasiyale. Nilipokuwa mdogo nilidhani ameyachanganya kwa kukosa vyombo. Baadaye alinieleza kwamba hayo meusi huvumilia mvua nyingi na hayo ya njano huwahi kukomaa. Mvua ikiwa nyingi au chache, liko litakaloiva.

Wenzetu wa pwani walikuwa na ishara zao. Walikitazama kilimia, kundi la nyota ambalo jina lake linahusishwa na kulima, wakaacha methali isemayo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Bibi hana kilimia. Ana umuko, upepo, mbayuwayu na udongo. Akitaka kujua kama mvua imeingia kweli, huchimba kwa mkono hadi kifundoni.

Lakini zamani katika nchi hii ya Kinyaga ishara hazikutosha. Kulikuwa na watu waliosemwa kuwa mvua ni yao.

Kusini-magharibi mwa Rwanda ya leo kulikuwa na falme mbili ndogo, Bukunzi na Busozo, kandokando ya msitu huu. Ingawa zilikuwa jirani na ufalme mkubwa wa Rwanda, ziliendelea kuwa na wafalme wao wenyewe hadi karne ya 20. Hazikuwa na majeshi makubwa. Nguvu yao ilitoka mahali pengine: wafalme wao walijulikana kuwa abavubyi, yaani wenye uwezo wa kuleta mvua na kuizuia. Mwami wa Bukunzi hasa aliheshimiwa hata na watu wasiokuwa raia wake, na zawadi zililetwa kwake ili mvua isichelewe. Kwa hiyo swali la tupande lini lilikuwa na mahali pa kupelekwa. Mkulima alipotazama wingu lisilonyesha, alikuwa na jina la mtu wa kumwomba, na pia wa kumlaumu.

Simaanishi kwamba wakati ule ulikuwa mzuri. Mwenye mvua alipokea mifugo na kazi za watu. Kifo cha mfalme huko Bukunzi kilifuatwa na mauaji ya kimila, na hayo ndiyo waliyoyataja Wabelgiji walipoamua kutumia nguvu. Mwami Ndagano wa Bukunzi alifariki mwaka 1923. Kati ya 1924 na 1925 wakoloni walipeleka askari wakaikalia nchi yake. Nyirandakunze, mjane wa Ndagano aliyekataa kusalimu amri, aliuawa. Mwaka 1926 ilikuwa zamu ya Busozo. Falme zote mbili zikaingizwa katika mfumo wa machifu waliowajibika kwa serikali ya kikoloni.

Miaka hiyohiyo jambo la pili lilitokea katika ufalme mkubwa wa Rwanda. Huko ikulu kulikuwa na sherehe ya umuganura, ambapo mfalme alionja mtama na ulezi wa mavuno mapya kabla ya nchi nzima kuendelea na chakula na kazi za msimu. Sherehe hiyo ilikuwa chini ya uangalizi wa mwiru aliyeitwa Gashamura. Mwaka 1925 Wabelgiji walimhamisha Gashamura hadi Burundi, na umuganura ukapigwa marufuku. Mfalme mwenyewe, Yuhi Musinga, alivuliwa ufalme Novemba 1931, akapelekwa Kamembe, hukuhuku kwetu Rusizi.

Nilipoyaandika matukio haya katika mistari miwili ya daftari, niliona jambo ambalo sikuliona nilipoyasoma mbalimbali. Mwaka wa mkulima ulikuwa na milango miwili. Mlango wa kutokea impeshyi ulikuwa mavuno, na mlinzi wake alikuwa mfalme wa Rwanda. Mlango wa kuingilia umuhindo ulikuwa mvua, na huku kwetu mlinzi wake alikuwa mwami wa Bukunzi au wa Busozo. Kati ya 1924 na 1926 milango yote miwili iliachwa bila walinzi. Sidhani kwamba mtawala wa kikoloni alikaa akapanga kuua kalenda. Alitaka kodi, amani na machifu wanaotii. Hata hivyo matokeo kwa mkulima yalikuwa kwamba swali lilibaki, na waliokuwa wakilijibu waliondoka.

Bibi alizaliwa miaka mingi baadaye, lakini mama yake alikuwa mtoto askari walipoingia Busozo. Bibi anakumbuka maneno ya mama yake: watu wazima walisema sasa mvua haina mwenyewe. Nilimwuliza kama mvua iliacha kunyesha. Akacheka. "Ilinyesha kama kawaida," alisema. "Ila ilipochelewa, hatukujua tumwendee nani."

Na ilichelewa. Mwaka 1928 na 1929 Rwanda ilipatwa na njaa iliyoitwa Rwakayihura. Jibu la serikali ya kikoloni kwa swali la tupande lini lilikuwa kuliepuka. Badala ya kungoja mvua, kila mkulima alilazimishwa kulima kiasi fulani cha mihogo na viazi vitamu, mazao yanayokaa ardhini na kuvumilia jua. Kahawa nayo ikaletwa kwa amri, na juu ya hayo kulikuwa na kazi za lazima za barabara. Mimi nimekula mihogo hiyo maisha yangu yote na sitaisema vibaya, kwa kuwa imeokoa watu wengi. Lakini amri ilikuja pamoja na fimbo. Aliyekutwa hana shamba la mihogo alichapwa, hata kama siku zake za kulima alizimaliza barabarani kwa kazi ya chifu. Zaidi ya hayo, mihogo haikuzuia njaa ya Ruzagayura ya mwaka 1943 na 1944, wakati ukame ulipokutana na ugonjwa wa viazi na mahitaji ya vita vya dunia. Bibi alizaliwa katika njaa hiyo. Hajui tarehe yake. Kitambulisho chake kina mwaka tu, na mwaka huo aliupata kwa jina la njaa.

Wakati huohuo msitu nao uliwekewa mpaka. Nyungwe ilifanywa hifadhi mwaka 1933, na mwaka 2005 ikawa hifadhi ya taifa. Tukumbuke kwamba kwa watu wa Bweyeye impeshyi ilikuwa pia majira ya msitu. Akiba ya chakula ilipopungua Agosti, watu waliingia msituni kutafuta asali, mianzi, dawa na nyama. Msitu ulikuwa ghala la wiki zile ngumu kati ya mavuno na mvua. Tukumbuke pia ghala hilo lilivyotumiwa. Tembo wa mwisho anayejulikana wa Nyungwe alikutwa amekufa mwaka 1999. Katika ukame wa mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa za msitu, na moshi wa kufukuzia nyuki ni miongoni mwa vyanzo vya moto vinavyojulikana. Leo warina asali wana vyama vya ushirika na mizinga yao iko nje ya mpaka. Septemba 2023 Nyungwe iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Nilifurahi kama wengine. Bibi aliposikia redioni aliuliza jambo moja tu: kama nyani wanaotoka kula mahindi yetu nao ni urithi wa dunia.

Sasa nafika mwaka ambao kila insha ya historia ya Rwanda lazima iufikie. Kuanzia Aprili hadi Julai 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliua zaidi ya watu milioni moja, kwa hesabu ya serikali ya Rwanda. Cyangugu ilikuwa ndani ya eneo lililoshikwa na askari wa Ufaransa wa Operesheni Turquoise, na walipoondoka Agosti maelfu ya watu walivuka kwenda Bukavu. Kwa kalenda ya mkulima, hizo ni wiki zilezile ninazoziandika. Mbegu zilitakiwa ziwe zimechambuliwa. Majembe yalitakiwa yawe kwa mhunzi.

Bibi hazungumzi sana juu ya mwaka huo, nami sijamsukuma. Lakini jioni moja, akiwa anachambua maharage, alisema bila kuulizwa: "Mwaka ule mvua ilikuja mapema na kwa wingi. Watu ndio hawakuwepo." Kisha akaendelea kuchambua.

Nilipata kuielewa vizuri kauli hiyo chuoni. Tulipokuwa tukisoma juu ya takwimu za hali ya hewa nilijifunza kwamba kabla ya 1994 Rwanda ilikuwa na mtandao mzuri wa vituo vya kupimia mvua, na kwamba baada ya mauaji ya kimbari vingi viliacha kufanya kazi kwa miaka mingi. Wataalamu walilazimika baadaye kuliziba pengo hilo kwa kutumia picha za setilaiti. Kwa hiyo kuna miaka ambayo mvua ilinyesha juu ya vilima vyetu na hakuna aliyeandika kipimo chake. Kuna waliokumbuka tu, kama bibi. Mtu anaweza kusema kumbukumbu ya mkulima si takwimu, na ni kweli. Lakini pale ambapo kitabu kina ukurasa mtupu, mwanafunzi wa historia hana haki ya kudharau aliyekuwepo.

Habari ya mbegu inaeleza jambo hilohilo. Mwishoni mwa 1994 mashirika yalihofia kwamba aina za maharage za Rwanda zimepotea, na taasisi za utafiti wa kilimo zikaungana katika mpango wa kuzirudisha. Ilipochunguzwa baadaye ilionekana kwamba aina nyingi hazikupotea. Wakulima wengi walikuwa wamepata mbegu zao kutoka katika akiba walizoficha na masoko ya karibu. Mtungi wa bibi ni mmoja wa mitungi hiyo. Hakuna jina lake popote, lakini sehemu ya historia ya kilimo ya nchi hii ilipita humo.

Leo swali la tupande lini lina majibu mengi kuliko wakati wowote. Tangu programu ya serikali ya kuongeza mavuno ilipoanza mwaka 2007, mashamba mengi huunganishwa na zao la msimu huamuliwa kwa pamoja. Umuhindo una jina jipya, Msimu A. Idara ya hali ya hewa hutangaza utabiri wa Septemba hadi Desemba, nasi tunaupata redioni na kwenye simu. Umuganura nao ulirudishwa mwaka 2011 kama sherehe ya taifa, na huadhimishwa Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Mwaka wa shule, ambao zamani ulianza Januari, ulihamishwa baada ya janga la UVIKO-19, na sasa watoto huanza Septemba. Badiliko hili la mwisho huonekana dogo mjini. Kijijini maana yake ni kwamba sare, madaftari na mchango wa chakula cha shule vinadaiwa mwezi uleule ambao fedha inahitajika kwa mbegu na mbolea. Nina wadogo zangu watatu shuleni. Kwetu Septemba ina midomo mingi.

Ndipo nafika mwaka jana. Nilikuwa nyumbani kwa likizo. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo mwishoni mwa Agosti, na majirani wakaanza kupanda. Baba akamwendea bibi uani.

"Mama, ardhi imelowa. Tupe mbegu."

"Imelowa juu," bibi akajibu. "Chimba uone."

Baba hakuchimba. Alikuwa na sababu yake, nami nilikuwa naijua. Mwaka uliotangulia tulimsikiliza bibi. Alisema mvua ya kwanza inapita tu, tukangoja, na mvua haikukatika tena. Tulipanda tumechelewa, maharage yalipotoa maua yakapigwa na mvua kubwa za Novemba, na tukavuna nusu ya kawaida. Kaka yangu mdogo alikaa nyumbani wiki tatu muhula uliofuata kwa kukosa mchango. Bibi alikuwa amekosea na alijua. Tangu hapo nilimwona akichimba udongo mara mbili, mara tatu, kama mtu anayerudia hesabu ambayo haikubali.

Akanigeukia mimi. "Mjukuu wangu, wewe uliyesoma. Simu yako inasemaje?"

Nilimsomea utabiri. Ulikuwa wa nusu nzima ya magharibi ya nchi, na wa miezi minne. Ulisema mambo ya maana, lakini haukuwa na shamba letu ndani yake, wala siku. Nilijaribu kueleza. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akasema: "Basi na yeye anachimba kama mimi."

Hatimaye waligawana. Baba alinunua mbegu kidogo kwa fedha iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya sare, akapanda nusu ya shamba. Nusu ya bibi ilingoja. Mvua ilikatika siku kumi na mbili. Maharage ya baba yalichipua, kisha mengi yakanyauka. Mvua iliporudi katikati ya Septemba bibi alifungua mtungi, akatoa mbegu za nusu yake, halafu, bila kusema neno, akapima na za kuzibia mapengo ya baba. Baba alizipokea kwa mikono miwili. Nilingoja bibi aseme, "Si nilikuambia?" Hakusema. Alisema, "Mwaka juzi nilikosa mimi," akachukua jembe.

Hapo ndipo nilipoelewa ninachotaka kusema juu ya historia yetu. Tumezoea kufundishwa kwamba zamani watu waliamini wavuta mvua kwa sababu hawakujua, na kwamba sasa tunajua. Mimi naona kwamba wakulima wa Busozo walijua vizuri sana kwamba hakuna anayejua siku ya mvua. Kwa sababu hiyo walimtafuta mtu wa kuubeba mzigo wa kutojua. Mfalme aliubeba kwa zawadi. Mkoloni aliutupa kwa amri ya mihogo. Wataalamu wa leo wanajaribu kuupunguza kwa vipimo, na hilo ni jema kuliko yote yaliyotangulia. Lakini sehemu iliyobaki, ile ya shamba moja na siku moja, imerudi mikononi mwa baba na bibi, na wanaibeba bila mfalme, na fedha ya sare ikiwa ndani yake. Naona historia ya Bweyeye inapaswa kuanzia hapo, kwa watu wanaokubali kugawana shamba wasipokubaliana juu ya wingu.

Nina ombi moja kwa wenzangu mnaosoma insha hii. Mkirudi nyumbani, waulizeni wazee siku ambazo mvua iliingia katika miaka wanayoikumbuka, na kilichotokea baada ya hapo, kisha muandike. Haihitaji vifaa. Mimi nimeanza na daftari la kurasa 48. Bibi amenipa miaka saba hadi sasa, na anaitaja kwa harusi, vifo na ng'ombe waliozaa. Miaka miwili kati ya hiyo saba imo katika lile pengo ambalo vituo havikupima.

Ukurasa wa mwaka jana niliuandika mwenyewe kabla sijapanda basi la kurudi chuoni. Niliandika kwamba mvua ya mwisho wa Agosti ilikuwa ya uongo na ya katikati ya Septemba ilikuwa ya kweli. Nilimsomea bibi ili athibitishe. Alikataa neno moja, nikalikata kwa kalamu mbele yake. Alisema mvua ya Agosti haikuwa ya uongo. Ilikuwa inapita tu kwenda Burundi, na huko nako kuna watu waliopanda.